Maswali kwa Dokta: «Wamekataa kunipasua henia kwa sababu ya kilo zangu»

Dokta, jambo. Mimi ni mama wa miaka 47, nauza unga katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nilizaa watoto wanne, wawili wa mwisho kwa kupasuliwa, na mara ya mwisho walinipasua kwa kovu refu la kushuka kutoka kitovuni. Baadaye kovu likaanza kuvimba. Mwaka 2021 wakanishona, na haikupita miaka miwili uvimbe ukarudi. Sasa umezidi ngumi mbili. Nikilala unaingia ndani, nikisimama unatoka. Nina kilo 104, urefu mita 1.61. Mwezi uliopita nilienda kwa daktari wa upasuaji katika lopitali kubwa. Akanipima, akaandika kwenye fishi, karatasi yangu ya mgonjwa, akaniambia: «Mama, nenda upunguze kilo kwanza, halafu urudi.» Hakuongeza neno. Wifi yangu anasema amenikataa kwa kuwa hakuona dola. Kuna kliniki ndogo karibu na kwetu, wao wako tayari kunipasua hata wiki ijayo. Wengine wananishauri niombe wanitoe na mafuta ya tumbo siku hiyohiyo, yaishe yote. Tena nikipungua, sokoni watasema nina SIDA, yaani UKIMWI. Nifanye nini?
*Mama wa unga, Katuba*

Mama, jambo sana.

Wifi yako simlaumu. Katika mji wetu mgonjwa ameambiwa «rudi kesho» mara nyingi mno, mpaka kila «rudi» inanuka pesa. Lakini safari hii daktari ana haki. Kosa analo, ila si la dola, nami nitalifikia.

Tuanze na ile hesabu ya kwenye fishi. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako, kisha gawanya tena kwa urefu uleule: 104 kwa 1.61, halafu tena kwa 1.61. Inatoka 40. Hiyo ndiyo IMC, kipimo cha kilo kwa urefu. Shirika la Afya Duniani huhesabu unene wa kupindukia kuanzia 30, na 40 ndipo linapoanza daraja la mwisho. Usiichukue kama tusi, ni namba tu, sawa na namba ya presha. Kwa henia ya tumbo isiyo ya dharura, wapasuaji wengi duniani hupenda mgonjwa ashuke chini ya 35 kwanza, na akiwa amefika 50 wengi hawamgusi kabisa. Kwako wewe, 35 ni kama kilo 91.

Kwa nini tunajali hivyo? Wewe unauza unga, utanielewa kabla sijamaliza. Mfuko wa kilo 25 ukipasuka, ukaushona ukiwa umejaa mpaka shingoni, uzi haukatiki. Kinachoachia ni kitambaa: uzi unakikata polepole, tundu baada ya tundu, mpaka unga unamwagika palepale uliposhona. Tumbo nalo linasukuma. Mtu wa kawaida akilala ametulia, msukumo ndani ya tumbo lake ni kama milimita 5 hadi 7 za zebaki. Kwa mtu mnene ni 9 hadi 14, hapo bado hajakohoa, hajainuka kitandani, hajajikaza chooni. Mshono wako unabeba mzigo huo usiku na mchana, na tangu siku ya kwanza, wakati nyama bado haijashikana.

Hilo ni la ndani. La nje ni jeraha lenyewe. Kati ya ngozi na misuli yako kuna tabaka nene la mafuta, na mafuta hayapati damu nyingi kama misuli. Pasipo damu ya kutosha hakuna hewa ya kutosha, na hata dawa ya kuzuia vijidudu inayochomwa kabla ya kisu haifiki pale kwa nguvu ileile. Ndiyo sababu mtu wa kilo 120 na zaidi huchomwa gramu 3 za sefazolini badala ya gramu 2. Katika tabaka hilo maji hukusanyika, damu hukusanyika, kingo za ngozi zinaweza kufa, na usaha ukipata nafasi unakaa. Kwa mtu mwembamba, usaha wa kidonda ni usumbufu wa wiki chache. Kwa mtu aliyewekewa wavu tumboni, kile kitambaa cha matundu tunachokitia kuimarisha mshono, usaha ukiufikia wavu tunaweza kulazimika kuutoa, na hapo mgonjwa anarudi nyumbani na tundu kubwa kuliko alilokuja nalo. Nimezifanya kazi hizo za kutoa wavu. Hakuna mpasuaji anayezipenda.

Kuna pia pumzi na damu. Mwenzangu wa dawa ya usingizi huanza na swali ambalo akina mama hulicheka: «Unakoroma?» Usicheke. Muulize mumeo au mtoto unayelala naye chumba kimoja kama usiku unakoroma, ukanyamaza ghafla kama umesahau kupumua, kisha ukashtuka. Kama ndivyo, mwambie daktari wa usingizi kabla hujapanda mezani, maana dawa zake zinalizidisha tatizo hilo hata saa nyingi baada ya operesheni. Damu nayo huganda kwa urahisi zaidi miguuni mwa mtu mnene aliyelala bila kutembea. Donge likikatika na kupanda mapafuni, linaweza kumuua mtu ambaye kidonda chake ni kizuri kabisa.

Lakini ile ya 2021 kurudi, usiibebe peke yako. Umeandika «wakanishona» na hukutaja wavu, kwa hiyo naelewa walivuta kingo na kuzifunga kwa uzi tu. Huko Uholanzi walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kwa watu wenye henia za kovu kama yako. Walioshonwa kwa uzi peke yake, baada ya miaka 3 henia ilikuwa imewarudia 43 kati ya 100. Waliowekewa wavu, 24. Wakaendelea kuwafuatilia mpaka miaka 10: 63 kwa uzi, 32 kwa wavu. Hao hawakuwa watu wanene peke yao. Basi henia ya kovu iliyofungwa kwa uzi hurudi sana hata kwa watu wa kilo za kawaida, nawe ulikuwa na kilo juu yake. Yeyote atakayekupasua mara hii, muulize kama ataweka wavu na atauweka wapi. Akikujibu «nyuma ya misuli», huyo anajua anachozungumza. Akikuambia uzi unatosha kwa uvimbe wa ngumi mbili uliokwisha kurudi mara moja, mshukuru kwa heshima, uchukue fishi yako uondoke.

Sasa hayo mafuta ya kutolewa siku hiyohiyo. Naelewa hamu yake, lakini jibu langu ni hapana. Mafuta unayoyashika kwa mkono mbele ya kioo siyo yanayosukuma mshono wako kutoka ndani. Yanayosukuma ni yale yaliyozunguka matumbo, na hayo hakuna kisu kinachoyaondoa katika operesheni ya henia. Ukiongeza kukata ngozi na mafuta ya nje siku hiyo, jeraha linakuwa refu mara kadhaa, na matatizo ya jeraha yanaongezeka. Kwa bahati njema yale ya ndani ndiyo hutangulia kupungua mtu anapoanza kula vizuri na kutembea, mara nyingi kabla kikwembe hakijaanza kulegea.

Kabla ya chakula, nina swali ambalo hukuniuliza. Huwauliza akina mama mlango ukishafungwa na wifi akiwa nje: unameza vidonge vya kunenepa? Vile vinavyouzwa mmojammoja bila sanduku, vya kuleta hamu ya kula na mashavu. Ndani yake mara nyingi kuna siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio, au deksametazoni, au zote mbili. Hiyo ya pili ndiyo inayonitisha. Inapandisha sukari, inafanya ngozi kuwa nyepesi, inachelewesha kidonda kufunga na kukaribisha usaha. Ukiitumia miezi, tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini zinalala. Siku ya operesheni mwili unaihitaji, hakuna wa kuitoa, na presha inaanguka mezani. Kama unavimeza, usiviache ghafla kwa sababu umesoma hapa. Mwambie daktari ni vipi na tangu lini, akupunguzie kwa utaratibu. Mimi sitakuhukumu. Ninachotaka ni kujua kabla sijashika kisu.

Nalifikia sasa kosa la daktari wako. Kumwambia mama «punguza kilo» na kumfungulia mlango ni njia ya upole ya kumfukuza. Alipaswa kukuambia kilo ngapi, kwa muda gani, kwa njia ipi, na tarehe ya kurudi. Basi chukua hizi kwangu, kisha urudi kwake udai tarehe yako.

Lengo la kwanza ni kilo 99. Ni 5 tu, na tayari pumzi itabadilika. La pili ni 94, yaani utakuwa umepunguza kama sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Ukilifikia kwa miezi minne hadi sita, rudi mezani kwa daktari hata kama 91 bado iko mbali, mzungumze. Henia kubwa kama yako hutungojea, lakini haitungojei milele, nayo inaendelea kukua.

Bukari, ugali wetu, usiiache. Ninyi mnaoiuza mkiiacha, nani atakula? Punguza bonge kwa theluthi moja, na nafasi iliyobaki sahani iwe na lengalenga, maharage, samaki, yai. Sombe, majani ya muhogo, kula, lakini mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko, maana nawajua wapishi wa Katuba, mkono wao ukishainamisha chupa hauna haraka ya kuinuka. Kidonda kinajengwa kwa protini, kwa hiyo usijaribu kushinda njaa kwa chai tupu. Nimepokea wagonjwa waliopungua kwa njaa mpaka damu yao haina cha kujengea kovu. Zaidi ya bukari, ninachokiogopa kwa wauzaji wa soko ni vinavyopita kinywani bila kuitwa chakula: vitumbua vya asubuhi, chai ya sukari vijiko vinne, na ile sukre, soda ya mchana wakati jua limekaza. Chupa moja ya kola ya nusu lita ina sukari ya vijiko vya chai zaidi ya kumi. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nayo ukiitia sukari, ni hadithi ileile. Bia sina la kuongeza, unajua mwenyewe.

Kutembea hakuharibu henia. Watu wengi huacha kutembea wakidhani matumbo yatatoka zaidi, na hivyo wanapoteza dawa iliyo rahisi kuliko zote. Funga mkanda wa tumbo usiobana pumzi, uache pikipiki na basi, urudi nyumbani kwa miguu kutoka sokoni jioni. Usichofanya ni kuinua mfuko wa kilo 25. Mwachie kijana wa mkokoteni. Kikohozi cha muda mrefu kitibiwe, choo kigumu kitibiwe. Kama unatumia tumbaku, ya kuvuta au ya kunusa, iache angalau wiki nne kabla. Pima sukari. Ukiwa na kisukari, kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu tunakitaka chini ya 8 kwa mia.

Utaniuliza kama yote haya yamepimwa au ni mahubiri ya madaktari. Yamepimwa, na sitakuficha upande wa pili. Huko Texas, Marekani, watu 118 wenye henia za tumbo na IMC kati ya 30 na 40 waligawanywa: nusu wakapewa mpango wa chakula na mazoezi kabla ya operesheni, nusu wakaendelea na ushauri wa kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Mwezi mmoja baada ya operesheni, wale wa mpango waliokuwa hawana henia wala tatizo walikuwa wengi zaidi, karibu 70 kwa mia dhidi ya 48 hivi. Lakini walipofuatiliwa miaka 2, tofauti ile haikuonekana tena waziwazi. Na ndani ya kundi lililokuwa likijiandaa, wachache henia iliwabana kabla ya siku yao, wakapasuliwa kwa dharura. Ninachokisoma hapo ni kwamba maandalizi yanakuvusha ule mwezi wa hatari ya jeraha, ila uzito ukirudi na mshono unarudi matatani. Tena yeyote anayekuambia ungoje lazima akuambie pia dalili za kukimbia.

Nazo ni hizi, wazijue na watoto wako. Uvimbe ulikuwa unaingia ukilala, leo hauingii. Umekuwa mgumu, unauma, ngozi yake imebadilika rangi. Unatapika. Hupitishi hewa wala choo. Hapo kilo hazina maana tena, wala hakuna kungoja asubuhi. Usiusukume kwa nguvu, usikandwe kwa maji ya moto, usipewe enema ya majani. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo. Utumbo uliobanwa unaweza kufa ndani ya saa chache, na kumpasua mtu wa kilo 104 kwa dharura, tumbo likiwa limejaa na utumbo umeoza, ndiyo operesheni mbaya kuliko zote nilizozitaja juu.

Ile kliniki ya wiki ijayo, siijui na siisemi vibaya. Waulize tu: dawa ya usingizi inatolewa na nani, naye atabaki nami mpaka niamke? Kuna hewa ya oksijeni usiku, na umeme ukikatika? Mna wavu? Mmewahi kufungua henia ya kovu iliyokwisha kurudi? Matumbo yaliyozoea kuishi nje ya tumbo, ukiyarudisha yote kwa mkupuo, yanabana pumzi, na siku ya pili mgonjwa anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia. Anayesema «ni kazi ya dakika thelathini» hajaiona yako vizuri. Na mahali wanapojua kazi ya matundu madogo na kamera, uliza kama henia yako inafaa, kwa sababu kwa watu wanene njia hiyo hupunguza usaha wa jeraha. Si kila uvimbe unaiweza.

Kuhusu maneno ya soko. Mimi ni mtoto wa kambi ya Gécamines, kampuni ya migodi. Kwetu baba mwenye tumbo alikuwa baba anayelipwa, na mama akipungua jirani walikuja na sahani na macho ya huruma. Najua unachokiogopa. Chukua fishi ya daktari, iweke chini ya mizani ya unga, na wa kwanza kuuliza msomee: «Ninaandaliwa kupasuliwa.» Wawili watatu wakishasikia, soko zima litajua kabla ya saa sita. Ila ukiona unapungua bila kujaribu, unakula kama kawaida na kilo zinaondoka, hilo ni jambo jingine na linataka daktari haraka.

Dokta, mimi ni dereva wa lori, barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nina miaka 52, kilo 118, mita 1.74. Henia yangu ni ya kinena, upande wa kulia, inashuka kidogo ninapopakia. Je, mimi pia nitaambiwa nipungue kwanza? Na ni kweli kwamba Uganda wanatumia chandarua kufungia henia? Wenzangu wa parking wamenicheka, wanasema nije na cha kwangu.
*Dereva, Kampemba*

Papa dereva, IMC yako ni 39, karibu sawa na ya mama wa unga, lakini henia yako si dada ya ile yake. Kinenani jeraha ni dogo, na msukumo wa tumbo hauvuti kovu refu la katikati. Kilo zinaongeza ugumu, zinarefusha kazi, zinakuongezea hatari ya usaha na ya usingizi, ila kwa henia ya kinena peke yake wapasuaji wachache watakuzuia mlangoni kwa sababu ya 39. Unene hata unaificha. Kwa mtu mwenye tumbo kubwa mkono wa daktari unaweza usiisikie, basi ekografi, ile picha ya mawimbi ya sauti, inasaidia. Uliza kama inawezekana kwa ganzi ya hapohapo au sindano ya mgongo, uepuke usingizi mzito, ingawa mafuta yakiwa mengi ganzi ya hapohapo inamsumbua mpasuaji.

Mwanaume ambaye ya kwake haimuumi anaweza kungoja akiangaliwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulikuta kwamba kubanwa kwa ghafla kuliwapata chini ya wawili kati ya wanaume 1,000 kwa mwaka. Lakini wao hawakuwa wamekwama siku tatu kwenye foleni ya malori mpakani. Kwa kazi yako, kama imeanza kuuma, itengeneze wakati unapochagua wewe, uiache bia ipumzike miezi michache, na upakiaji waachie vijana.

Chandarua ni kweli. Mashariki mwa Uganda walipima kwa wanaume 302, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa, nusu kitambaa cha chandarua kilichoandaliwa na kusafishwa kwa utaratibu wa chumba cha upasuaji. Baada ya mwaka mmoja henia ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa chandarua, na kwa wavu wa bei hakuna, tofauti ambayo haina uzito. Cha kwako kiache kitandani. Kina dawa ya mbu na hujui kimefumwa kwa nyuzi gani. Waambie wenzako wa parking kwamba mbu nao ni ugonjwa.

Na mke wako akiona uvimbe kinenani, yeye asingoje kama wewe. Kwa wanawake, hasa wanene, kuna henia ndogo inayotokea juu ya paja na kujificha kwenye mkunjo wa ngozi. Hiyo hubana kwa urahisi. Mama anayetapika na kuvimba tumbo, avuliwe nguo atazamwe mpaka kwenye mikunjo hiyo kabla ya kupewa dawa ya malaria.

Mama yangu, mtu mnene, alipasuliwa henia ya kitovu wiki mbili zilizopita. Chini ya kovu kuna uvimbe laini, ukiugusa unacheza kama maji. Yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anataka tuutoboe kwa sindano safi. Tena amemfunga kikwembe kwa nguvu.
*Kijana wa Ruashi*

Msitoboe. Ni maji ya jeraha, huwapata wanene mara nyingi zaidi, na kwa kawaida mwili huyanyonya wenyewe kwa wiki kadhaa. Sindano ya nyumbani inayapelekea vijidudu, na kama amewekewa wavu mnaweza kuupoteza. Kikwembe kilegezwe mpaka apumue bila kuinua mabega. Hakifungi tundu, kinampunguzia maumivu tu. Atembee uani asubuhi na jioni, asilale siku nzima.

Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, akipata homa, maji yakitoka na harufu, au uvimbe ukiwa mgumu na unauma, arudi kwa aliyempasua siku hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, msipitie kwa yaya wala kwenye duka la dawa, nendeni hospitali moja kwa moja. Na mkirudi kutoa nyuzi, muulizeni mpasuaji kama aliweka wavu, mkaandike jibu kwenye fishi yake. Daktari atakayemshika baadaye atalihitaji.